Mwongozo kwa Wafanyakazi wa Jang'ombe Wanaosoma Uzamili na Uzamivu: Nafasi katika Sera, Utetezi na Diplomasia ya Sayansi

Mwongozo huu ni wa mkaazi wa Jang'ombe ambaye asubuhi ni mwalimu wa skuli, muuguzi, afisa mifugo au fundi wa maabara, na jioni ni mwanafunzi wa uzamili au uzamivu katika fani ya sayansi. Jirani yake wa Mpendae au Kikwajuni naye unamhusu. Shabaha yake ni kumuonesha msomi huyo njia ya kufika kwenye meza zinakoandikwa sheria za uvuvi, afya na mazingira, na baadaye, akijaaliwa, kwenye ujumbe wa nchi unaokwenda kujadiliana na mataifa mengine.

Wengi hudhani kazi hii ni ya watu wa New York na Geneva. Unguja imo ndani yake siku nyingi. Hadi miaka ya 1990 ng'ombe wa kisiwa hiki walikuwa wakisumbuliwa na nagana, maradhi yanayoenezwa na mbung'o. Dawa na mitego viliwapunguza mbung'o lakini havikuwamaliza. Kuanzia 1994, mbung'o dume waliofugwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi walimwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, mamilioni kwa mamilioni. Jike wa mbung'o aghlabu hupandwa mara moja tu maishani, hivyo aliyekutana na dume tasa hakuzaa tena. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa 1996, na mwaka uliofuata Unguja ikatangazwa kuwa haina tena mdudu huyo. Yote hayo yalisimama juu ya makubaliano ya serikali na Wakala wa Kimataifa wa Nguvu za Atomiki, na juu ya mashirikiano ya maabara ya Tanga na wataalamu wa mifugo wa Zanzibar. Mfugaji aliyeokoa ng'ombe wake aliokolewa na sayansi pamoja na saini za wakubwa, na kati ya viwili hivyo lazima awepo mtu anayezifahamu lugha zote mbili. Nafasi ya mtu huyo ndiyo tunayoizungumzia.

Lijue suala lako ni la nani

Huu ndio ushauri mzito kuliko wote humu. Mtafiti mwenye matokeo mazuri hupoteza mwaka mzima kwa kubisha hodi mlango usio wake. Mambo ya nje ni ya Muungano. Afya, kilimo, mazingira na uvuvi wa karibu na pwani, kwa upande wetu, ni vya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Uvuvi wa bahari kuu una utaratibu wake: unasimamiwa kwa pamoja na pande mbili za Muungano kupitia Mamlaka ya Uvuvi wa Bahari Kuu, yenye makao yake Fumba. Hata kibali cha utafiti kinafuata mpaka huo. Cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, hakikutoshi kukusanya takwimu Unguja au Pemba. Zanzibar ina utaratibu wake wa vibali, na uulizie mapema kabla hujaenda shehia yoyote.

Tumchukue jodari. Samaki huyu hahitaji pasipoti, na leo yuko maji ya Tanzania, kesho ya Kenya au Seychelles. Kwa hiyo masharti ya kumvua hupangwa na Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Seychelles, na Tanzania ni mwanachama. Kabla wajumbe hawajakaa kubishana, Kamati ya Sayansi ya kamisheni hiyo hukadiria samaki waliobaki baharini. Kwa jodari wa mapezi ya manjano, kamisheni ililazimika mwaka 2016 kupitisha mpango wa kumrejesha baada ya kuvuliwa kupita kiasi. Nchi za mwambao hukabiliana hapo na nchi zenye meli kubwa zinazotoka mbali, na silaha ya nchi ya mwambao ni takwimu zake. Nchi isiyojua wavuvi wake wa Nungwi, Mkokotoni na Malindi wanatua samaki kiasi gani huzungumza kwa sauti ndogo. Mwanafunzi wa uzamili anayejua kuzipanga na kuzihakiki takwimu hizo ana jambo la kuupa ujumbe wa nchi yake, na Fumba haiko mbali na Jang'ombe. Barua ya kuomba kujitolea au kufanya mafunzo kwa vitendo huko ina thamani kubwa kuliko maombi kumi ya ufadhili yaliyotumwa bila kazi yoyote nyuma yake.

Kurasa mbili za Kiswahili

Tasnifu ya kurasa mia mbili haisomwi na anayeamua. Iandikie muhtasari wa kurasa mbili, kwa Kiswahili. Sentensi ya kwanza iseme unataka nini kifanywe na nani akifanye. Kisha taja ushahidi ulioupata, gharama ya kulitekeleza pendekezo lako, na nani ataumia likitekelezwa; mambo hayo mawili ya mwisho ndiyo watafiti wanayoyakwepa, na ndiyo atakayoyauliza katibu mkuu kabla ya mengine. Kiswahili ni lazima kwa sababu karatasi hiyo itapita kwa sheha, kwa kamati ya wavuvi na kwa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi. Wakati nao una uzito. Mswada ukiwa mbele ya kamati ya Baraza, kamati hupokea maoni ya wadau. Ukishapita, maoni yako ni historia.

Katika utetezi, mfano uliopo karibu ni mwani. Kilimo chake kilianza mwambao wa mashariki wa Unguja mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Maji yalipozidi joto, aina ya mwani yenye bei nzuri ikawa inakufa, wakabaki na ile ya bei ya chini. Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari hakuishia kuandika makala za kitaalamu. Alikaa na wakulima, wakajaribu kulima kwenye kina kirefu zaidi na kutengeneza sabuni na bidhaa nyengine, na sauti yao ikafika serikalini kama kundi. Utetezi wa kisayansi wenye nguvu huwa hivyo: wenye shida wanasema wenyewe, na mtafiti anasimama kuthibitisha.

Ajira yako na ruhusa

Mtumishi wa umma asizungumze hadharani juu ya sera bila ruhusa ya mwajiri, na asitumie takwimu za afisi katika tasnifu bila kibali cha maandishi. Kila karatasi ieleze kama unaandika kwa jina la taasisi au kama mtafiti wa chuo. Ruhusa ya masomo na ya safari iombwe mapema sana, kwani barua ya mwajiri ndiyo inayochelewesha maombi mengi ya nje.

Nafasi za kuombwa

Ambaye hajawahi kusafiri aanze na zisizohitaji tiketi. Rasimu za ripoti za Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, hufunguliwa kwa wataalamu kuzipitia, na mtu hujiandikisha mwenyewe. Jopo hilo pia lina ufadhili wa wanafunzi wa uzamivu kutoka nchi zinazoendelea, ulioanzishwa kwa fedha za Tuzo ya Nobeli ya Amani ya 2007. Jopo la bioanuwai, IPBES, huwachukua wataalamu chipukizi kufanya kazi na waandishi wa ripoti zake. Hapa Zanzibar kwenyewe kuna makao ya WIOMSA, jumuiya ya sayansi za bahari ya Magharibi ya Bahari ya Hindi iliyoundwa 1993, ambayo hutoa fedha za utafiti na huwakutanisha watafiti na watunga sera wa ukanda mzima.

Anayelenga diplomasia hasa atazame Kituo cha Uhusiano wa Kimataifa cha Kurasini, Dar es Salaam, chenye jina la Dk. Salim Ahmed Salim, Mzanzibari aliyekuwa balozi Misri mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 22. Kina stashahada ya uzamili inayomfaa mtu wa sayansi asiyejua itifaki. Umoja wa Mataifa, kwa fedha za Nippon Foundation, una ufadhili wa miezi tisa wa sheria ya bahari kwa watumishi wa serikali na wataalamu wa nchi zinazoendelea. Akademia ya TWAS ya Trieste, Italia, huendesha kozi ya diplomasia ya sayansi, na imewahi kuwaalika washiriki wawili wawili, mwanasayansi na mtunga sera wa nchi moja. Ukiwa huna unayemjua wizarani, maombi ya namna hiyo hayaandikiki.

Kila karatasi unayoipeleka afisini ipitie masjala, ubaki na nakala yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa. Fomu nyingi za ufadhili huuliza umeshafanya nini na watunga sera wa nchini kwako, na nakala hiyo ndiyo jibu.