SOMO LA MWILI WA MUTU: KONGOSHO INAYOZUNGUKA UTUMBO KAMA PETE



Ninyi munaosoma biolojia munajua tayari njia ya chakula: kinywa, koo, kifuko cha tumbo, utumbo mwembamba, kisha utumbo munene. Leo tutasimama pahali pamoja tu pa njia hiyo, pale utumbo mwembamba unapoanza. Kuko watoto wanaozaliwa na njia imefungwa pale, kwa sababu nyama ya kongosho imezunguka utumbo kama vile pete inavyozunguka kidole. Ni jambo la nadra sana. Pengine wengi wenu hamutaliona hata siku moja. Lakini alama yake ya kwanza inaonekana mbele ya mama, nyanya na dada, mara nyingi mbele munganga hajaitwa. Kwa hiyo inafaa kila mutu aijue, si wale tu wanaotaka kuwa wanganga.

1. Kongosho ni kitu gani?

Katika vitabu vya Kifaransa munaisoma kwa jina la pankreasi. Ni nyama laini, ndefu, inayolala nyuma ya kifuko cha tumbo. Kwa mutu muzima urefu wake ni karibu sentimetre 15, na uzito wake ni karibu gramu 80 mpaka 100. Ina kichwa, mwili na mukia. Mukia unaelekea upande wa kushoto. Kichwa kimekaa upande wa kuume, ndani ya kona ya duodeno.

Duodeno ni kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba. Jina lake linatoka katika neno la Kilatini la hesabu ya 12, kwa sababu watu wa zamani walikipima kwa upana wa vidole 12 vilivyowekwa kando kando. Ndani yake chakula kinakutana na nyongo inayotoka kwenye ini, na maji yanayotoka kwenye kongosho.

Kongosho ina kazi mbili. Ya kwanza, inatia ndani ya damu dawa ya kuongoza sukari, ndiyo insulini. Ya pili, inatoa maji ya kusaga chakula, zaidi ya litre 1 kila siku kwa mutu muzima. Maji hayo yanayeyusha unga, mafuta na nyama. Mushike neno hili vizuri: maji ya kongosho yana nguvu ya kuyeyusha nyama. Tutalirudilia mbele.

2. Pete inatokea namna gani?

Musifikiri kongosho inaumbwa kwa kipande kimoja. Katika juma la 5 la kuumbika kwa mutoto, machipukizi mawili yanatoka kwenye utumbo, moja mbele na moja nyuma, kama vile machipukizi yanavyotoka pande mbili za kijiti cha muhogo. Lile la nyuma ni kubwa. Lile la mbele ni dogo, linatokea karibu na mufereji wa nyongo.

Kisha utumbo unageuka. Ukigeuka, unachukua lile chipukizi dogo, nalo linazunguka mpaka linafika nyuma na kukutana na lile kubwa. Kufika juma la 7, yote mawili yameungana kuwa kongosho moja.

Sasa, kwa watoto wachache, chipukizi dogo halizunguki lote. Ncha yake inabaki imeshikamana na utumbo wakati sehemu ingine inavutwa nyuma. Kwa hiyo linanyoshwa kuzunguka duodeno, na likiungana na lile kubwa, pete imetimia. Maelezo hayo yalitolewa na munganga Lecco mwaka 1910, na hata leo yanafundishwa. Pete yenyewe ilijulikana mbele yake. Tiedemann, mwalimu wa elimu ya mwili katika Ujeremani, aliieleza mwaka 1818, na Ecker aliipa jina lake mwaka 1862.

Pete zingine zimefunga pande zote, zingine zimebakiza nafasi. Zingine zinakaza sana, zingine zimelegea. Kwa hiyo mutoto mumoja anagonjwa siku ya kwanza ya maisha yake, na mutu mwingine anazeeka bila kujua kama iko na pete ndani ya tumbo.

Muangalie tena ule wakati: juma la 5 mpaka la 7. Wanawake wengi hawajajua hata kama wako na mimba. Kwa hiyo pete haitoki kwa chakula ambacho mama alikula mwezi wa 8, wala kwa ugomvi wa jamaa, wala kwa jicho la jirani. Mutu asimulaumu mama. Yeye yuko na uchungu wa kumutosha.

Mara nyingi pete haikuji peke yake. Watoto wengi wenye pete wana neno lingine pia: moyo usioumbika sawasawa, ama utumbo usiogeuka vizuri, ama ile hali ya kuwa na kromozomi 21 tatu pahali pa mbili, inayoitwa trizomi 21. Kwa sababu hiyo munganga akiona pete, anatafuta mengine.

3. Alama kwa mutoto muchanga

Alama inaweza kuanza mbele ya kuzaliwa. Mutoto ndani ya tumbo la mama anakunywa yale maji yanayomuzunguka. Kama njia ya utumbo imefungwa, maji hayapiti, nayo yanazidi. Tumbo la mama linakuwa kubwa kupita miezi yake, na mutoto anaweza kuzaliwa mbele ya wakati.

Akisha kuzaliwa, mutoto anajaribu kunyonya, halafu anatapika. Anatapika tena na tena, siku ya kwanza ama ya pili. Kama pete imefunga njia chini ya pahali nyongo inapoingia, matapiko yana rangi ya majani mabichi, kama maji ya sombe. Kama imefunga juu yake, yanakuwa meupe, maziwa tu. Sehemu ya juu ya tumbo inaweza kuvimba, na sehemu ya chini inakuwa bapa, kwa sababu hakuna hewa inayofika kule. Musidanganyike kama mutoto ametoa choo cheusi cha kwanza. Choo kile kiliweza kuwa ndani mbele ya kuzaliwa. Hakihakikishi kama njia iko wazi.

Mutoto anayecheua maziwa kidogo kisha kunyonya, yule si mugonjwa. Lakini matapiko ya rangi ya majani kwa mutoto muchanga ni alama ya hatari kila mara. Inaweza kuwa pete, ama utumbo uliofungwa kwa njia ingine, ama utumbo uliojinyonga. Utumbo uliojinyonga unakosa damu, nao unaweza kufa kwa saa chache. Nyumbani hakuna mutu anayeweza kutofautisha mambo hayo matatu. Kwa hiyo hakuna kungojea kesho.

4. Munganga anatambua namna gani?

Anaweza kupiga ekografi wakati mimba ingalipo. Mutoto akisha kuzaliwa, anapiga radio ya tumbo. Kwa kawaida hewa ambayo mutoto anaimeza inatawanyika katika matumbo yote. Lakini njia ikifungwa kwenye duodeno, picha inaonyesha mapovu mawili ya hewa: kubwa upande wa kushoto, ndilo kifuko cha tumbo, na dogo upande wa kuume, ndilo duodeno iliyovimba juu ya kizuizi. Kama kizuizi kimetimia, chini yake hakuna hewa.

Mapovu mawili yanasema: «njia imefungwa pale». Hayasemi imefungwa na nini. Mara nyingi munganga anaiona pete kwa macho yake wakati wa kupasua tu.

5. Matunzo mbele ya kupasua

Hapa wengi wanafikiri mutoto atakimbizwa upesi kwenye meza ya operesheni. Si hivyo kila mara. Kama kuko hofu ya utumbo kujinyonga, ndiyo, wanaharakisha. Kama sivyo, wanamutayarisha kwanza, kwa maana mutoto aliyetapika amepoteza maji na chumvi, na mwili ulio mukavu hauvumilii operesheni.

Wanafanya haya:
a) Wanasimamisha kunyonya.
b) Wanapitisha mupira mwembamba unaoitwa sonde katika pua mpaka ndani ya kifuko cha tumbo, ili maji na hewa vitoke, na matapiko yasiingie ndani ya mapafu.
c) Wanamupa serumu yenye sukari na chumvi kwenye mushipa, na kupima damu.
d) Wanamulinda na baridi. Mutoto muchanga anapoteza moto wa mwili upesi sana.
e) Wanasikiliza na kuchunguza moyo.

6. Kwa nini pete haikatwi?

Hili ndilo jambo kubwa la somo letu. Mutu akisikia «pete imekaza utumbo», anajibu mara moja: «Waikate!» Inaonekana kuwa akili, lakini si dawa. Sababu ni tatu.

Ya kwanza: ndani ya pete mara nyingi kuko mufereji unaopitisha maji ya kongosho. Mukumbuke tulisema nini: maji hayo yanayeyusha nyama. Ukikata pete, yanavuja ndani ya tumbo, yanachoma na kuyeyusha viungo vya mugonjwa mwenyewe, na kidonda kinaweza kukawia sana kupona.

Ya pili: nyama ya pete mara nyingi imeingia ndani ya ukuta wa utumbo. Huwezi kuitoa kama vile unavyotoa pete kwenye kidole. Ukiivuta, unatoboa utumbo.

Ya tatu: mara nyingi utumbo ulio chini ya pete umeumbika mwembamba ama umezibika wenyewe. Hata ukiikata pete vizuri, njia haifunguki.

Basi wanafanya nini? Munajua namna gari kubwa linavyozama katika matope wakati wa mvua, katikati ya barabara. Wasafiri hawapasui gari. Wanalima njia kando yake, gari linabaki pale, watu wanapita. Munganga anafanya vile vile. Anaiacha pete pahali pake, anashika duodeno iliyo juu ya pete na duodeno iliyo chini yake, anafungua mudomo katika kila moja, na kushona midomo miwili pamoja. Chakula kinapita kando ya pete.

Kuko shida moja: sehemu ya juu imevimba, ya chini ni nyembamba sana. Munganga Ken Kimura wa Japani alionyesha mwaka 1977 njia nzuri. Sehemu ya juu inakatwa kwa upana, ya chini kwa urefu. Zikishonwa, mudomo unajifungua wenyewe kwa umbo la almasi, nao haufungiki upesi. Mbele yake, mwaka 1905, Vidal wa Ufaransa alikuwa ameunganisha kifuko cha tumbo na utumbo wa mbele kabisa. Vilevile ilikuwa kupita kando, hakuikata pete.

Mbele ya kufunga tumbo, munganga anahakikisha kama hakuna kizuizi kingine chini, na kama utumbo umegeuka sawasawa.

7. Kiisha operesheni

Sonde inabaki siku kadhaa, mpaka maji yanayotoka yamepunguka na kuacha rangi ya majani. Sehemu ya juu iliyovimba inahitaji wakati kujifunza kusukuma chakula. Kisha wanaanza na maziwa ya mama, kidogo kidogo. Katika siku zile za kungoja, mama anakamua maziwa yake ili yasikauke. Jamaa wamusaidie kwa chakula na kwa maneno mema, kwa sababu kazi hiyo ni ngumu ukiwa na hofu.

Pale penye wanganga wa upasuaji wa watoto na vyombo vya kutosha, watoto wengi zaidi wanapona, wanakula na kukua kama wenzao. Wanaokufa, mara nyingi ni kwa sababu ya moyo ama magonjwa mengine waliyozaliwa nayo, ama kwa sababu walifika wamechelewa.

8. Na wakubwa?

Mutu mwingine anaonyesha alama akiwa na miaka 20 mpaka 50: maumivu juu ya kitovu, kushiba upesi, kutapika kiisha kula, kidonda cha tumbo, ama kongosho kuvimba na kuuma sana. Bila shaka magonjwa mengine mengi yanaleta alama hizo, nayo ni ya kawaida kuliko pete. Munganga anahitaji picha za skanere ama za mashini ya sumaku ili aitambue. Kama pete haileti shida, wanaiacha tu. Kama inaziba, wanafungua njia ya kando, vile vile kama kwa mutoto.

9. Neno la nyumbani

Mukiona mutoto muchanga anatapika rangi ya majani: musimulazimishe kunyonya, musimupe maji ya sukari wala dawa ya mizizi, musimukande tumbo. Mumufunike vizuri, mumulaze kwa ubavu, mumupeleke hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku. Muchukue kitambaa chenye matapiko, ili munganga aone rangi kwa macho yake. Na nyanya akisema «tungoje kwanza, itapita», mumujibu kwa heshima, lakini mukiwa njiani.

MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Kongosho inaumbwa na machipukizi mangapi, na yanaungana juma la ngapi?
2. Kwa nini mama wa mutoto mwenye pete anaweza kuwa na maji mengi kupita kiasi tumboni?
3. Matapiko ya rangi ya majani yanaonyesha kama kizuizi kiko juu ama chini ya pahali nyongo inapoingia?
4. Mapovu mawili kwenye radio ni viungo gani?
5. Toa sababu tatu za kutokata pete.
6. Jirani yako anasema mutoto alitoa choo cheusi, kwa hiyo utumbo wake ni muzima. Utamujibu nini?