Msamiati wa Nyumba ya Kiamu na Somo la Gesijoto

Utangulizi

Makala haya yanajadili jinsi msamiati wa makazi na mapishi katika funguvisiwa la Lamu unavyoweza kufundishia njia za kupunguza gesijoto nyumbani. Gesijoto, kama vile kabonidioksidi na methani, huzuia joto la dunia lisipotelee angani. Maandishi mengi kuhusu mada hii humhimiza msomaji apunguze kuendesha gari. Katika Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, vichochoro ni vya miguu na punda. Somo kama hilo humpita mkaazi wake.

Kiwanda na msana

Nyumba ya mawe ya Kiamu ina kuta nene za matumbawe na chokaa. Katikati mna kiwanda, yaani ua wa wazi unaopitisha hewa na mwanga hadi misanani. Anayekiezeka kiwanda kwa mabati ili apate chumba cha ziada hana budi kununua feni, na kuwasha taa mchana. Hivyo basi, kukihifadhi kiwanda ni kuokoa umeme.

Jikoni

Madhara ya makaa huanza kwenye tanuri, kuni zinapoungua kwa hewa haba na kutoa methani, kabla gunia halijafika gatini. Kwa hiyo kila kipande kinachookolewa kina faida maradufu. Kunde zirowekwe usiku kucha, chungu kifunikwe, jiko liwe na kinga ya udongo, na makaa yanayobaki yazimwe yatumike kesho. Aidha, taa ya nishati ya jua ichukue nafasi ya koroboi.

Mikoko

Wajenzi hutofautisha fito, pau, boriti na nguzo kwa unene wa mti. Anayezijua tofauti hizi hukata kile anachohitaji tu. Hili ni muhimu kwa sababu matope ya mikoko huhifadhi kaboni nyingi, ambayo huachiliwa msitu ukifyekwa.

Makaa na makaa ya mawe

Hata hivyo, mzigo huu usitwikwe mpishi peke yake. Kituo cha umeme wa makaa ya mawe kilichopangwa kujengwa Kwasasi kingekuwa cha megawati 1,050. Akiba ya majiko yote ya visiwani isingeweza kufidia moshi wake. Mwezi Juni 2019, jopo la kitaifa la rufaa za mazingira lilibatilisha leseni ya mradi huo. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Hitimisho

Mtu hawezi kushirikishwa katika jambo asiloelezwa kwa lugha anayoielewa. Ni wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili kuyakusanya maneno haya na kuyaandikia, ili mwenye jiko ajue la kufanya nyumbani kwake, na la kuuliza barazani.