Ukoko ndani ya bomba: somo la joto kutoka Tanga hadi Engutoto

Wadau, tuseme ukweli, wengi wetu tulivuka somo la uhamisho wa joto kwa kukariri. Bomba la kwenye pepa huwa safi daima. Maji yake hayabadiliki, mtiririko umetulia, ukuta una jotoridi moja, basi Namba ya Nusselt ni 3.66 na maisha yanaendelea. Nilikuwa hivyo hadi mama aliponipigia simu kutoka Tanga.

Mama ana nyumba ndogo ya wageni. Maji ya kuoga anayapasha kienyeji: pipa liko juu, bomba la chuma linashuka hadi jiko la kuni, linapita motoni, kisha linapanda kurudi kwenye pipa. Hakuna pampu. Maji ya moto ni mepesi hivyo yanapanda yenyewe, na ya baridi yanashuka kuchukua nafasi yake.

“Mwanangu, kuni zinakwisha na maji ni vuguvugu tu. Fundi anataka nijenge jiko kubwa. Wewe si ndiyo unasomea mambo hayo?”

Hela ya jiko ilikuwa ada yangu ya semista. Nikamwomba moto uzimwe, bomba lipoe, lifunguliwe. Kipenyo cha ndani kilikuwa milimita 25, sasa zimebaki 15. Pande zote kumeganda ukoko mweupe wa milimita 5.

Kisima chake kimechimbwa kwenye miamba ya chokaa, jamii ya ile iliyozaa mapango ya Amboni. Maji yakipita humo yanabeba kalsiamu na bikaboneti. Ukiyapasha, mmenyuko unaanza: bikaboneti inavunjika, gesi ya kaboni dayoksaidi inatoka, kalsiamu kaboneti inabaki. Na hii si kama sukari kwenye chai. Kadiri maji yanavyopata moto, ndivyo yanavyoweza kuyeyusha kalsiamu kaboneti kidogo zaidi. Sehemu yenye moto mkali kuliko zote ni ukuta wa bomba, kwa hiyo ukoko unajenga palepale tunapotaka joto lipite.

Nilikimbilia kumwambia mama kwamba ukoko unazuia joto. Usiku geto nikapiga hesabu, nikaona nimesema nusu tu. Tuchukue mpitisho wa joto wa ukoko kuwa wati 2 kwa mita kwa kelvini. Milimita 5 zinatoa ukinzani wa 0.0025. Lakini upande wa moshi, tukikadiria wati 40 kwa mita ya mraba kwa kelvini, ukinzani ni 0.025, yaani mara 10 zaidi. Ukoko umeongeza kama asilimia 10 tu. Kama nje ya bomba kungekuwa na maji badala ya moshi, tukikadiria wati 2,000, ukinzani wa upande huo ungekuwa 0.0005, na ukoko huohuo ungeuzidi kwa mbali.

Basi nini kilimponza mama? Mtiririko. Katika mtiririko tulivu, kipenyo kikipungua, ukinzani wa bomba unapanda kinyume chake kwa kipeo cha nne. Gawa 25 kwa 15, inua kwa 4, unapata karibu 8. Maji yanazunguka kwa shida, joto linakaa bombani na mengine yanaondoka na moshi. Jiko kubwa lingeongeza moto kwenye bomba lilelile, na ukoko ungeota haraka zaidi. Likiziba kabisa huku moto unawaka, mvuke unakosa njia na bomba linaweza kupasuka.

Kwa hiyo ukikutana na mmenyuko ndani ya bomba, jiulize mambo matatu. Je, wenyewe unatoa au unanyonya joto? Je, unabadilisha mnato, kama uji unavyoshika na kuanza kuungua chini? Je, unaacha kitu ukutani? Kwa mama, la tatu ndilo lilibeba kesi.

Sasa njoo Engutoto. Hita yetu ya koili geto haina ukoko kabisa. Nilimsifia mwenzangu, aliyekulia Maji ya Chai, kwamba maji ya kwao ni safi. Alicheka huku ameziba mdomo kwa kiganja, kama kawaida yake. Meno yake ni ya kahawia.

Hapo ndipo nilipoelewa. Miamba ya volkano ya Meru inayapa maji mengi ya huku sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo. Bila kalsiamu, ukoko haujengeki. Lakini kalsiamu ndiyo pia ingeikamata floraidi na kuituliza chini. Ikikosekana, floraidi inabaki majini. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya Meru vinazidi. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua kwa mvuke, floraidi inazidi kukolea. Watoto ambao meno yao bado yanajengeka ndio wanaoharibika meno.

Mama hakujenga jiko. Fundi aliweka kipande kipya cha bomba chenye viungio vya kufungua, kisafishwe kila baada ya miezi michache. Ada ikalipwa. Nami sisemi tena kwamba maji ni safi kwa sababu tu hita inang’aa.