Kutembea Upesi na Kukimbia Polepole

Watu wengi hudhani kwamba kutembea upesi na kukimbia polepole hutofautiana kwa mwendo tu. Sivyo. Atembeaye, sikuzote ana mguu mmoja ardhini. Akimbiaye, hata akienda kama kobe, huwa hewani kidogo katika kila hatua. Ndiyo maana waamuzi wa mashindano ya kutembea hukodolea macho miguu. Kwa sheria hiyo Mkenya Samuel Gathimba alipata nishani ya shaba katika kilomita 20, huko Gold Coast, Australia, mwaka 2018.

Kule kuruka kuna gharama yake. Mguu wa mkimbiaji, utuapo, huchukua uzito wa mwili mara mbili na zaidi. Wa mtembeaji huuzidi uzito huo kidogo tu. Basi mkazi wa Kitengela, aliyezoea kuketi ndani ya matatu hadi Nairobi na kuketi tena kazini, akianza ghafula kukimbia kando ya barabara iendayo Kajiado, yamkini magoti yatamwuma, naye ataacha kabisa. Heri aanze kwa kutembea, apate kupumua kwa nguvu, aweze kusema lakini asiweze kuimba. Shirika la Afya Duniani lashauri walau dakika 150 za mazoezi ya namna hiyo kila juma, au 75 za mazoezi mazito kama mbio. Wafugaji wafuatao ng'ombe malishoni hawahitaji kuhesabu.

Mwendo ukipita kilomita 7 hivi kwa saa, kutembea huchosha kuliko kukimbia, na mwili wenyewe hutaka kukimbia.