SOMO LA KIINGEREZA: BAHATI YA MARA YA TATU

Waingereza wana usemi wa maneno matatu usikikao kila siku katika mazungumzo yao: "Third time lucky". Sauti ya kwanza ya usemi huo hutamkwa kama "th" katika neno "thelathini". Maana yake ni kwamba mtu aliyejaribu jambo mara mbili akashindwa, huenda akabahatika mara ya tatu. Wamarekani husema "Third time's the charm", na maana ni ile ile.

Usemi huu hutumika kwa njia mbili. Kwanza, husemwa kabla ya jaribio la tatu, ili kumtia mtu moyo. Kijana wa Wote aliyeanguka mara mbili katika mtihani wa kuendesha gari, aendapo kufanya mtihani huo tena, rafiki yake aweza kumwambia maneno hayo. Pili, husemwa baada ya kufaulu. Mama aliyepeleka mbuzi wake sokoni Kitui mara mbili na kurudi naye nyumbani, akipata mnunuzi safari ya tatu, aweza kuyasema kwa furaha.

Lakini yafaa kuangalia. Usemi huu hautumiki mtu ashindwapo mara ya kwanza tu. Wala haufai katika barua ya kuomba kazi, au mbele ya mtu mwenye msiba, kwa kuwa ni maneno ya mazungumzo mepesi.

Tena, usemi huu ni wa kutia moyo, si shauri. Tofauti hiyo yaonekana wazi shambani. Wakulima wengi wa Kitui na Makueni hutegemea zaidi mvua za vuli, zianzazo mwishoni mwa Oktoba au mwezi wa Novemba, kwa maana mvua za Machi huwadanganya mara nyingi.

Mfano ni huu. Mzee mmoja alipanda mahindi katika udongo mkavu, akingojea mvua. Mvua ilinyesha siku mbili, mbegu zikachipuka, kisha jua likazikausha. Akapanda tena, na mambo yakawa yale yale. Novemba ilipokuwa inakwisha, ghalani palibaki mahindi kidogo tu, nayo ndiyo yaliyokuwa chakula cha watoto. Mwanawe, aliyesoma Kiingereza shuleni, akamwambia, "Baba, third time lucky!" Mzee akauliza maana, akaelezwa.

Akajibu, "Mwanangu, maneno hayo ni mazuri, lakini mvua haijui kuhesabu. Mahindi yataka miezi mitatu au zaidi, na mvua imebakiza majuma machache. Mwombe mama yako zile ndengu, kwani hukomaa upesi. Kisha lete jembe, tutengeneze matuta ya fanya juu yaliyobomoka, ili maji yatakayokuja yasitupite."

Mzee huyo hakukata tamaa; alijaribu mara ya tatu, lakini kwa mbegu nyingine na kwa njia nyingine. Ndiyo fikira waliyokuwa nayo wataalamu wa kituo cha Katumani, karibu na mji wa Machakos, waliotoa katika miaka ya 1960 mahindi ya kukomaa mapema kwa ajili ya nchi kavu. Hawakuweza kuirefusha mvua. Waliufupisha muda wa mahindi kukaa shambani.

Waswahili nao wana methali iliyo karibu na usemi huu: Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi haachi kazi yake. Lakini pia hashiki chuma cha moto kwa koleo lile lile lililovunjika.

Zoezi: Mtu amepiga simu mara mbili bila kujibiwa, naye yu tayari kupiga tena. Je, aweza kusema "Third time lucky"? Na kama nambari aliyoiandika ina kosa, usemi huo utamfaa nini?