SOMO: MAFUA YA MUTOTO. MAMA, HESABU PUMZI ZAKE



Hakuna nyumba ambamo mafua hayaingii. Mutoto mudogo anaweza kuyapata mara sita ao nane kwa mwaka, hata kama anakula vizuri na mama yake anapenda usafi. Basi usione haya, na usiogope. Lakini kuna ugonjwa mwingine unaojificha nyuma ya mafua, na huo unaua. Leo tujifunze kuitenganisha.

1. Mafua ni nini?

Hapa milimani Lubero, asubuhi ya baridi, mama wengi wanasema: “Ni baridi imemukamata.” Mafua yanaletwa na vijidudu vidogo sana, ndiyo virusi. Viko vya aina zaidi ya 200, kwa hiyo mutoto akipona leo anaweza kupata tena mwezi ujao. Wakati wa baridi na mvua tunajifungia wote ndani ya nyumba. Mumoja akikohoa, wengine wanapokea.

Mutoto anatoka kamasi, anapiga chafya, anakohoa, mwili unakuwa na moto kidogo, na hapendi kula. Kamasi ikigeuka manjano ao kijani, usishtuke, ni kawaida. Mara mingi mafua yanaisha yenyewe kwa siku saba mupaka kumi. Kikohozi kinaweza kubaki juma mbili ao tatu.

2. Kapsuli za sokoni

Mama mumoja aliuza kuku wawili, akanunua kapsuli za rangi mbili sokoni juu ya mafua ya mutoto wake. Siku ya saba mutoto akapona. Mama akaweka moyoni kwamba kapsuli ndizo zilimuponya. Sivyo, mafua yaliisha yenyewe, na kuku walikwenda bure.

Kisha miezi kidogo mutoto akakohoa tena, na sasa alipumua mbio. Mama akamupa kapsuli zilizobaki, akangoja siku tatu. Walifika kwetu usiku, mutoto hawezi tena kunyonya. Ilikuwa pumonia, ugonjwa wa mapafu. Tulimupa oksijeni na sindano, akapona, lakini ilibaki kidogo tu.

Mama yule aliniambia: “Mimi nilikuwa ninahesabu siku. Hakuna mutu aliyenifundisha kuhesabu pumzi.” Maneno hayo yalinichoma. Kila mwezi alileta mutoto kupima kilo, na sisi waganga tulisoma kilo tu. Ndiyo sababu ya somo hili.

3. Namna ya kuhesabu

Ngoja mutoto atulie. Asiwe analia wala ananyonya. Fungua nguo yake, uangalie tumbo na kifua. Kila mara kinapopanda, hesabu moja. Endelea dakika moja nzima kwa saa ao kwa telefone. Anapumua mbio sana kama unapata:

– mutoto chini ya miezi 2: mara 60 ao zaidi;
– miezi 2 mupaka 11: mara 50 ao zaidi;
– mwaka 1 mupaka miaka 5: mara 40 ao zaidi.

Ukipata hivyo, umulete siku ileile. Usingoje kesho.

Umulete mbio, hata usiku, kama nyama chini ya mbavu inaingia ndani anapovuta pumzi, kama hawezi kunyonya ao kunywa, anatapika kila kitu, anashikwa na degedege, ao analala na haamuki vizuri. Mutoto chini ya miezi 2 mwenye moto mwilini, ao anayekataa ziwa, umulete vilevile bila kungoja.

Na kama mutoto yeyote ana moto mwilini, usiseme ni mafua tu. Umulete apimwe damu. Inaweza kuwa malaria.

4. Kumutunza nyumbani

Umunyonyeshe mara mingi kuliko kawaida. Mukubwa kidogo umupe uji na vya kunywa, kidogo kidogo. Pua ikiziba, chukua nusu litre ya maji yaliyochemuka na kupoa, tia kijiko kidogo kimoja cha chumvi, kisichojaa kupita. Tia matone mawili katika kila tundu la pua, kisha upanguse kwa kitambaa safi, mbele ya kunyonya na mbele ya kulala. Fanya maji mapya kila siku.

Kama amepita mwaka mumoja, asali kidogo inatuliza kikohozi. Chini ya mwaka mumoja, hapana kabisa. Inaweza kumuletea ugonjwa mubaya.

Moto ukimusumbua, parasetamoli inasaidia, lakini uliza muganga kipimo, kwa sababu kinafuata kilo zake. Usimupe aspirini. Usimutie dawa ya majani puani wala matakoni. Usikubali akatwe kilimi.

5. Kuzuia

Nawa mikono kwa sabuni kisha kupangusa kamasi. Kohoa ndani ya kiwiko ao kikwembe, si juu ya mutoto. Moshi unachoma mapafu yake: pika inje kama inawezekana, ao fungua dirisha, na usimubebe mugongoni karibu na moto. Mwenye tumbako avutie mbali. Mupe ziwa peke yake mupaka miezi sita. Na usikose chanjo: ile ya pumonia inatolewa kwa juma 6, 10 na 14, na ya surua kwa miezi 9. Hazizuii mafua, lakini zinapunguza hatari ile inayojificha nyuma.

MAULIZO

1. Mutoto wa miezi 7 anapumua mara 54 kwa dakika. Utafanya nini?
2. Mutoto wa miaka 2 ana kamasi ya kijani, anacheza, anapumua mara 30. Unapashwa kununua kapsuli?
3. Jioni hii, mutoto wako akilala, hesabu pumzi zake angali muzima. Kisha mufundishe jirani yako.