Nani alilipwa utumwa ulipokwisha?

Ukipitia Ibara ya 97 ya Katiba yetu usiku wa kuamkia mtihani, ni rahisi kuruka kipengele kimoja. Rais akikataa kusaini muswada, anaurudisha bungeni na sababu zake. Theluthi mbili ya wabunge wote wakiupitisha tena ndani ya miezi sita, Rais ana siku 21: ausaini, la sivyo alivunje Bunge. Yaani mbunge anayeshinda anaweza kurudi jimboni kuomba kura upya!

Wamarekani hawana mtego huo. Februari 1866 Rais Andrew Johnson alikataa muswada wa kuendeleza ofisi iliyowahudumia watumwa walioachwa huru kwa chakula, shule na mashauri ya kisheria. Alidai Katiba haikukusudia serikali ilishe maskini. Kesho yake Seneti ikapiga kura 30 kwa 18. Zikapungua mbili tu. Julai 16 akakataa muswada wa pili, na siku hiyohiyo mabaraza yote mawili yakampita. Ikawa sheria. (Msidhani walimaliza kazi: mashamba mengi yaliyokuwa yamegawiwa watu weusi, Johnson aliwarudishia mabwana wa zamani.)

Huku kwetu ilikuwaje? Zanzibar, Aprili 6, 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed, Waingereza wakiwa nyuma yake, alitoa amri ya kuuondoa utumwa kisheria. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kudai uhuru, aonyeshe ana pa kukaa na namna ya kujikimu. Akikosa, ahesabiwe mzururaji. Fidia ilikuwepo, tena ya fedha, ila ilikwenda kwa bwana. Masuria waliachwa nje mpaka 1909. Na nani angepinga? Baraza la Kutunga Sheria lilianza 1926, la Tanganyika vilevile.

Sisi wa Rujewa tusiseme hayo ni ya pwani. Karne ya 19 Usangu ya akina Merere ilikuwa ndani ya biashara ya pembe na watu. Mjerumani alitangaza 1904 kwamba watakaozaliwa baada ya 1905 watakuwa huru. Utumwa wenyewe ukafutwa na sheria ya Mwingereza, 1922. Aliyefutiwa utumwa hakupewa hata jembe.

Swali la diskasheni wiki hii: kama Zanzibar ya 1897 ingekuwa na bunge, wapiga kura wake wangekuwa watumwa au mabwana?